SOMO LA AFYA: VIFURUSHI VYA SELI, MOYO NA SUKARI



Hapa Dandora mkutano haupiti bila kusikia mama fulani ana presha au mzee fulani ana sukari. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha. Ndiyo maana tukisikia habari ya dawa mpya, masikio husimama. Leo tujifunze kuhusu moja.

1. Ni kitu gani?

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo mno zilizo hai. Seli hutoa vifuko ambavyo hata darubini ya kawaida haivioni vizuri. Ni kama sisi tunavyofunga kifurushi na kukituma nyumbani kwa basi. Ndani mna protini na maagizo, na seli inayopokea huyafuata. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani ni takataka ya seli tu. Lakini sisi wa Dandora tunajua: ndani ya takataka huwa mna mali!

2. Kwa nini vinaleta matumaini?

Mshipa unaolisha moyo ukiziba, sehemu ya moyo hufa. Mwaka 2010 watafiti wa Singapore na Uholanzi waliwapa panya wa aina hiyo vifuko vya seli changa, na sehemu iliyoharibika ikawa ndogo zaidi.

Mwaka 2017, huko California, vifuko vya panya wanene vilipowekwa kwa panya wembamba, insulini ilishindwa kufanya kazi vizuri. Vile vya wembamba viliwasaidia wanene.

3. Tuwe macho

Panya si mtu. Majaribio kwa binadamu bado yanaendelea. Hata hivyo kuna watu walioanza kuuza vifuko hivi kama dawa. Desemba 2019 serikali ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kudhurika.

Nasi tuna funzo la karibu. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wengine waliacha dawa za hospitali, wakazidiwa.

4. Tufanye nini sasa?

- Tupimwe presha na sukari katika kituo cha afya, hata kama hatuumwi.
- Tusiache dawa kwa sababu tumepata nafuu. Nafuu ni kazi ya dawa hiyo.
- Tupunguze chumvi, mafuta na soda, tutembee.
- Ukiuziwa dawa mpya, uliza kwanza: imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu?

Maswali ya kujadiliana

1. Nani katika kikundi chetu ameacha dawa kwa kukosa pesa? Je, mfuko wetu unaweza kumsaidia?
2. Muuzaji akija na "dawa ya seli", tutamwuliza maswali gani?
3. Tutapanga siku gani twende kupimwa pamoja?