Difloki ya Hewa: Jinsi Inavyofanya Kazi na Jinsi ya Kuifunga Garini

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Kila majira ya mvua, katika njia za vilima vyetu, twaona jambo lile lile. Gari kubwa lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne limekwama topeni. Injini yanguruma, gurudumu moja la nyuma lazunguka na kurusha matope, na mwenzake lililo mahali pakavu limetulia tuli. Watu husema, "Gari hili limekwisha nguvu." Sivyo. Nguvu ipo tele, ila yapotelea mahali pasipofaa.

Jambo hili si dogo. Ziko zahanati zenye gari moja tu, na gari hilo ndilo la kumchukua mama mwenye uchungu mpaka hospitali. Tena wanaokuja kusukuma husimama nyuma ya magurudumu, penye hatari ya kuteleza na kukanyagwa. Kwa hiyo nimeona vema kueleza chombo kiitwacho difloki ya hewa, ili sisi tunaosoma fizikia tuone somo letu likifanya kazi, na ninyi wanafunzi wa zamani wenye magari au wenye kazi ya ufundi mpate la kuwafaa.

1. Kwa nini gari lina difu

Difu ni lile fungu la gia lililo katikati ya ekseli. Kazi yake ni kugawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, huku ikiyapa ruhusa ya kwenda kwa mwendo usio sawa. Kwa nini yahitaji ruhusa hiyo? Tufanye hesabu. Tuseme umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni meta 1.5, na gari lazunguka duara moja kamili. Gurudumu la nje hupita katika duara ambalo nusu kipenyo chake kimezidi kile cha ndani kwa meta 1.5. Tofauti ya safari zao ni 2 × 3.14 × 1.5, yaani meta 9.42. Angalieni kwamba ukubwa wa duara hauingii katika hesabu hii: duara likiwa dogo au kubwa, tofauti ni ile ile. Magurudumu yangefungwa pamoja siku zote, moja lingelazimika kuburuzwa katika kila kona, na tairi na shafti zingekwisha upesi. Difu ya namna tunayoitumia leo ilibuniwa katika miaka ya 1820 na Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, kwa ajili ya gari la mvuke.

2. Udhaifu wake

Difu ya kawaida hutoa msokoto ulio sawa kwa kila upande. Hilo ni jema barabarani, lakini ni baya topeni. Tuseme gurudumu la kushoto li katika utelezi, nalo laweza kupokea nyutoni-meta 200 tu kabla halijazunguka bure. La kulia li katika ardhi ngumu, nalo lingeweza kupokea 2,000. Difu haijui hayo. Kwa kuwa kushoto hapapokei zaidi ya 200, na kulia hupewa 200 tu. Jumla ni 400, na gari halitoki. Kama tungezifunga shafti mbili ziwe kama chuma kimoja, kila gurudumu lingepokea kadiri ya uwezo wake: 200 na 2,000, jumla 2,200. Injini ni ile ile, tope ni lile lile, bali gari linatoka.

Hiyo ndiyo kazi ya difloki: kuifunga difu kwa muda, dereva atakapo, na kuifungua tena.

3. Hewa inaingiaje

Ziko difloki za namna nyingi. Toyota wenyewe wamepata kuuza Land Cruiser zenye difloki ya umeme kutoka kiwandani. Ile ya hewa inayojulikana sana ni ya kampuni ya ARB ya Australia, nchi yenye njia ndefu za mchanga na matope. Ndani yake mna pistoni ya mviringo. Hewa iliyoshindiliwa ikiingia, pistoni husukuma gia ya kufungia, nayo hushikamanisha gia ya pembeni na kasha la difu. Tangu hapo gia za ndani haziwezi kuzunguka zenyewe, na shafti zote mbili huenda pamoja. Hewa ikitolewa, springi hurudisha kila kitu mahali pake.

Nguvu ya pistoni ni kanieneo mara eneo. Kwa mfano, eneo likiwa sentimeta za mraba 20, na kanieneo kilo 7 kwa kila sentimeta ya mraba, nguvu yake ni kama uzito wa kilo 140. Ndiyo maana kompresa ndogo yatosha. Hewa inayotumika ni kidogo sana, kwa sababu pistoni husogea mwendo mfupi tu.

4. Kuifunga ndani ya ekseli

Kwanza, hakikisheni kwamba difloki ni ya gari lenyewe. Idadi ya meno ya shafti na ukubwa wa krauni lazima vilingane. Krauni na pinioni hubaki zile zile za zamani, basi uwiano wa gia haubadiliki. Hili ni jambo kubwa, kwa kuwa ekseli ya mbele na ya nyuma zisipolingana uwiano, gari litajivunja lenyewe likitiwa magurudumu manne.

Pili, egesheni gari mahali tambarare, mzuie magurudumu ya mbele kwa magogo, mlinyanyue, na kuliweka juu ya stendi imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Mwageni oili, toeni shafti za magurudumu, fungueni propela, kisha mtoe kichwa cha difu.

Tatu, kabla ya kufungua lolote, wekeni alama katika vifuniko vya beringi, kwa kuwa kila kifuniko kilichongwa pamoja na upande wake, na kukibadilisha ni kuharibu. Pimeni pia uchezaji wa krauni na pinioni kwa geji ya mshale, mkauandike. Katika difu nyingi za Land Cruiser uchezaji huwa milimeta 0.15 mpaka 0.20, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Nne, hamisheni krauni kwenye difloki. Safisheni nyuzi za bolti, tieni gundi ya kuzishika, mzikaze kwa kuvuka upande huu na upande huu, na kumalizia kwa spana ya kupimia nguvu.

Tano, kuna kikombe cha hewa kinachokaa ubavuni mwa difloki. Difloki yazunguka, lakini kikombe hiki hakizunguki. Hapo ndipo hewa inapovuka kutoka kilichotulia kwenda kilicho katika mwendo. Pete za mpira zilizo ndani yake ndizo zinazozuia hewa isivuje. Zipakeni oili, na msiziguse kwa chombo chenye ncha. Kutoka katika kikombe hicho hutoka bomba dogo la shaba. Likunjeni polepole lisibonyee, wala lisikaribie krauni.

Sita, tobo lichimbwe katika nyumba ya difu, juu ya usawa wa oili, mahali ambapo bomba halitagonga bodi ekseli inaporuka. Kwa difloki za ARB hutumika drili ya milimeta 11.2, kisha hukatwa nyuzi za robo inchi. Pakeni grisi nyingi katika drili ili inase vipande vya chuma, kisha msafishe kwa kitambaa na sumaku. Chembe moja ikiachwa itasaga beringi.

Mkisharudisha difloki mahali pake, rekebisheni beringi na uchezaji mpaka vifikie kipimo. Pakeni rangi katika meno ya krauni, mzungushe, mkaangalie alama: inatakiwa iwe katikati ya jino. Kisha, kabla ya kurudisha kichwa cha difu garini, tieni hewa na kusikiliza. Ni afadhali kuona uvujaji mezani kuliko kuuona baada ya kujaza oili.

5. Kompresa, bomba na waya

Kompresa hufungwa mahali palipo juu maji yasifike, mbali na joto la ekzosi, na karibu na betri ili waya isiwe ndefu. Chujio la hewa liwe mahali pasipo na vumbi jingi, maana vumbi letu jekundu huingia kila mahali. Juu ya kompresa hukaa vali ya umeme, iitwayo solenoidi. Swichi ikiwashwa, vali hupeleka hewa kwenye difu. Ikizimwa, huitoa ile hewa nje.

Bomba la plastiki likatwe sawasawa kwa kisu kikali, si kwa koleo, kwa sababu ncha iliyopondeka huvuja. Lipitishwe mbali na ekzosi, lifungwe vizuri kwenye fremu, na mahali linaposhuka kwenye ekseli liachiwe ulegevu wa kutosha, ili lisikatike gurudumu likishuka shimoni.

Umeme wa kompresa upite katika fyuzi iliyo karibu na betri na katika rilei, maana swichi ndogo ya dashibodi haiwezi kubeba mkondo mkubwa hivyo. Ikiwa gari lina difloki mbili, waya hupangwa hivi: kompresa huwashwa kwanza, kisha nyuma, kisha mbele. Difloki ya mbele isiweze kuingia peke yake.

6. Kuijaribu

Difloki za ARB hutumia kanieneo ya kama paundi 85 mpaka 105 kwa inchi ya mraba. Kompresa hujaza mpaka kipimo chake, kisha hujizima. Ikiwa yawaka tena na tena bila mtu kugusa swichi, mahali fulani pavuja. Pakeni maji ya sabuni katika kila kiungo, mtafute mapovu.

Kisha fanyeni jaribio hili, ambalo lafaa kuonyeshwa darasani. Magurudumu ya nyuma yakiwa juu, breki ya mkono imeachiliwa, injini imezimwa na gia imetiwa, zungusheni gurudumu moja kwa mkono. Lile la pili litazunguka kinyumenyume. Hivyo ndivyo difu ilivyo. Sasa tieni difloki. Magurudumu yote mawili hayazunguki tena. Toeni gia: yatazunguka pamoja, upande mmoja. Mkiyaona hayo, kazi imekwisha.

7. Kuitumia

Hapa ndipo fundi anapompokeza dereva kazi. Difloki itiwe kabla ya kuingia topeni, gari likiwa limesimama au likienda polepole, wala si wakati gurudumu linazunguka kwa kasi, maana meno yatagongana na kuvunjika. Itolewe mara tu baada ya kupita. Isitumike kwenye lami wala katika mwendo wa kasi: gari litakataa kukata kona, nazo shafti zitaumia. Difloki ya mbele ikiwa imetiwa, usukani ni mzito, na kuukata sana huku ukikanyaga mafuta huvunja viungo vya shafti. Na katika njia yenye mwinamo wa upande kuna hatari nyingine. Difu ya kawaida huacha gurudumu moja lililotulia kushikilia gari. Difu iliyofungwa yaweza kuyazungusha yote mawili pamoja, na mkia wa gari ukateleza kuelekea bondeni.

Wengine huuliza: je, ni lazima kufunga mbili? Kwa maoni yangu, gari la zahanati au la shule laanza na moja, ile ya nyuma, kwa kuwa gari likipanda kilima uzito mwingi huelemea nyuma. Fedha ya ile ya pili yafaa zaidi kununua tairi nzuri, kamba ya kuvutia, na siku chache za kumfundisha dereva. Tairi lililokwisha meno halisaidiwi na difloki yo yote.

Nawaomba ninyi wanafunzi wa zamani mlio katika karakana mijini: mkiifanya kazi hii, mwiteni mwanafunzi mmoja au wawili wa likizo waishike spana pamoja nanyi. Kwa kitabu twajifunza kwamba msokoto hugawanyika sawa. Kwa mikono, chini ya gari lililowekwa vema juu ya stendi, twajifunza kwa nini jambo hilo humchelewesha mgonjwa njiani, na la kufanya ili afike.