Al-Biruni na Uadilifu wa Kuzieleza Dini za Wengine

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Jina la Abu Rayhan Al-Biruni wengi wetu tumelisikia katika orodha ya wanazuoni wa Kiislamu waliobobea katika falaki na hisabati. Sifa hiyo anaistahiki, kwani ndiye aliyepanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistan, akakadiria ukubwa wa dunia kwa kupima pembe ya upeo wa macho. Lakini katika somo hili hatutakaa huko. Tutazungumzia namna alivyoandika kuhusu dini za watu wengine.

Alizaliwa mwaka 362 Hijria (973 Miladia) katika mji wa Kath, nchi ya Khawarizm, upande ambao leo ni Uzbekistan. Angali kijana aliandika Al-Athar al-Baqiya, kitabu kinachoeleza kalenda na sikukuu za mataifa mbalimbali: Mayahudi, Manasara, Majusi na wengineo. Mwaka 408 Hijria (1017) Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khawarizm, na Al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Jeshi la Mahmud lilikuwa likiivamia India mara kwa mara, na njia hiyo ya vita ndiyo iliyomfikisha kwa Wahindu.

Kitabu chake juu ya India alikimaliza karibu na mwaka 421 Hijria (1030), nacho kina milango 80. Katika dibaji anaeleza sababu ya kukiandika, na hapa tunaomba tusome polepole. Alikuwa akizungumza na mwalimu mmoja, Abu Sahl, kuhusu mwandishi aliyewanukuu Muutazila vibaya. Muutazila walisema kwamba Allah ni Mjuzi kwa dhati Yake. Mwandishi yule akawaeleza watu kuwa kundi hilo linasema Allah hana ujuzi. Tazama maneno yalivyogeuzwa! Msomaji wa kawaida angedhani kuwa wanamnasibisha Mola wao na ujinga. Abu Sahl akasema kwamba mtindo huo umeenea kwa wanaoandika habari za madhehebu na dini, na kwamba vitabu vingi kuhusu Wahindu vimechukuliwa kutoka kimoja hadi kingine bila ya kuhakikishwa. Basi akamhimiza Al-Biruni aandike anachokijua.

Wangapi kati yetu tumewahi kuieleza imani ya jirani kwa maneno ambayo jirani mwenyewe angeyakataa? Wanafunzi wetu wanaosoma shule na watoto wa Kikristo wanaielewa hali hii, kwani nao husikia mambo ya ajabu yakisemwa juu ya Uislamu, na huumia.

Al-Biruni alikuwa amepita umri wa miaka 40 alipoanza kujifunza Kisanskriti, na mwenyewe anakiri kuwa lugha ile ilikuwa ngumu, hata matamshi yake. Alitumia mali yake kutafuta vitabu na watu wa kumfafanulia. Mwanzoni alikaa mbele ya wanafalaki wa Kihindu kama mwanafunzi. Baadaye akaanza kuwafundisha yeye, wakastaajabu, wakamfananisha na bahari. Alifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali, kinachohusu kuitakasa nafsi na kuiepusha na vishawishi vya dunia, na akalinganisha baadhi ya mambo yake na maneno ya masufi.

Alipofika kwenye masanamu, jambo linalomchukiza kila Muislamu, hakuanza kwa matusi. Alieleza kuwa wasomi wao humwamini Mungu mmoja wa milele, na kwamba masanamu ni ya watu wa kawaida. Kisha akatoa mfano kwetu: lau Muislamu asiye na elimu angeonyeshwa picha ya Mtume (S.A.W.) au ya Al-Kaaba, furaha ingemfanya aibusu. Mfano huo unauma kidogo, na tunadhani alikusudia uume.

Asidhani mtu kuwa alilegeza imani yake. Kuhusu matabaka ya Wahindu alisema wazi kuwa sisi tunawaona watu wote ni sawa isipokuwa kwa ucha Mungu, na kwamba tofauti hiyo ndiyo kizuizi kikubwa kati yetu na wao. Wala hakumfichia Mahmud, ingawa aliishi chini ya utawala wa ukoo wake. Aliandika kwamba mashambulizi yale yaliharibu neema ya nchi na kuwatawanya watu kama vumbi, na kwamba chuki yao kwa Waislamu imetokana na hayo.

Alifariki Ghazna karibu na mwaka 440 Hijria (1048). Wanafunzi wa darasa la mirathi wasikilize hapa. Mwandishi Yaqut ananukuu kwa faqihi mmoja aliyekwenda kumzuru Al-Biruni akiwa katika hali ya kukata roho. Mgonjwa akamkumbusha mas-ala ya fungu la bibi wa upande wa mama, waliyokuwa wameyazungumza zamani, akataka amwelezee tena. Faqihi akamwonea huruma, akauliza kama huu ni wakati wake. Akajibiwa kuwa ni bora kuiaga dunia akiwa anaijua mas-ala hiyo kuliko kuiaga akiwa haijui. Basi akamwelezea, naye akairudia hadi akaihifadhi. Faqihi alitoka, na alikuwa bado yuko njiani aliposikia kilio kutoka nyumbani mle.