Kwa Nini Mbuzi Haanguki?



Mbuzi wetu hapa Mbangala hupanda mawe na kuruka makorongo bila kuanguka. Tunasema ana miguu imara. Ni kweli, lakini miguu hiyo inasaidiwa na sikio.

Kazi ya sikio si kusikia tu. Ndani kabisa, katika mfupa wa kichwa, kuna vijifereji vitatu vilivyopinda. Kila kimoja kimeelekea upande wake. Ndani yake mna maji na vinywele vidogo sana. Kichwa kikigeuka, maji hubaki nyuma kidogo na kuviinamisha vinywele. Karibu yake kuna vijiwe vidogo mno kama chembe za chokaa. Kichwa kikiinama, vijiwe huelemea upande huo. Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo huamuru miguu na macho. Fundi mwashi anayo pimamaji, mbuzi anayo yake sikioni.

Tujaribu. Tia maji katika bakuli, weka jani dogo juu yake. Zungusha bakuli kwa muda, halafu lisimamishe ghafla. Jani bado linazunguka, sivyo? Ndivyo ilivyo kwa watoto wanaocheza kwa kujizungusha. Wakisimama, maji ya sikioni bado yanakwenda, nao hupepesuka.

Sasa tuangalie zizini. Mbuzi, kondoo au ng'ombe akiinamisha kichwa upande mmoja, akizunguka duara au akiangukia upande ule ule, tusikimbilie kusema amerogwa. Huenda sikio lina ugonjwa ndani. Tazama: kuna kupe? Kuna usaha au harufu mbaya? Tusichokoe kwa kijiti wala kumimina mafuta, maana tunaweza kumwumiza zaidi. Tumwite Bwana Mifugo mapema. Yako magonjwa ya ubongo yanayofanana na hili, naye ndiye atakayeyatofautisha. Tukichelewa, mnyama hushindwa kufuata kundi, hali vizuri, na mwisho tunampoteza.

Na mtoto anayetoka usaha sikioni? Huyo naye apelekwe zahanati, asije akapoteza usikivu.

Maswali
1. Vijifereji vya ndani ya sikio ni vingapi?
2. Kwa nini mtoto hupepesuka akiacha kujizungusha?
3. Mbuzi wako akizunguka duara, utafanya nini kwanza?