Komredi Babu na swali lake kwa watu wa Tunduma

Wanachuo wengi tukisikia jina la Abdulrahman Mohamed Babu tunajibu haraka: yule Mkomunisti wa Zanzibar. Basi, mada imeisha. Kwa sisi tunaotoka Songwe jibu hilo ni fupi mno, kwa sababu maswali ya Babu yanapita kila siku mbele ya macho yetu pale Tunduma.

Tuanze na historia. Babu alizaliwa Zanzibar 1924, akaenda kusoma London, na 1957 akarudi kuwa Katibu Mkuu wa chama cha Hizbu (ZNP). Mwaka 1962 Waingereza walimfunga kwa kosa la uchochezi. Alipotoka aligombana na wakubwa wa Hizbu, na 1963 akaanzisha Umma Party pamoja na vijana walioitwa Makomredi. Chama hicho kilipigwa marufuku siku chache tu kabla ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Baada ya Mapinduzi Babu akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Zanzibar. Mwezi Machi Umma ikajiunga na ASP, na Aprili ukaja Muungano.

Hapo ndipo pa kujifunza la kwanza. Babu alikuwa na wasomi, alikuwa na hoja, lakini hakuwa tena na chama chake. Kwa miaka minane alikuwa waziri wa Muungano, akishika biashara na mipango ya uchumi miongoni mwa mengine. Mwalimu Nyerere alipomwondoa Februari 1972, hapakuwa na tawi hata moja la kuuliza kulikoni. Aprili 7 mwaka huohuo Karume akauawa, na Babu akakamatwa. Zanzibar ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo mahakamani. Nyerere alikataa kumpeleka huko, ila alibaki kizuizini Bara mpaka 1978.

La pili ni chungu zaidi. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi ilitungwa Tanganyika 1962, na ilitumika miaka yote ambayo Babu mwenyewe alikaa kwenye baraza la mawaziri. Sheria mbaya huwa haionekani mbaya sana ikiwa inamshika mwingine. Tunaogombea uongozi wa serikali za wanafunzi tulikumbuke hili tunapopitisha kanuni za kuwanyamazisha wapinzani wetu.

La tatu ndilo letu hasa. Babu alikuwa miongoni mwa waliofungua mlango wa China miaka ya sitini. Mlango huo ndio uliotupatia TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Vwawa na Tunduma. Lakini Babu hakuishia kushangilia reli. Katika kitabu chake cha 1981 aliukosoa ujamaa wetu: tunazalisha tusivyotumia, na tunatumia tusivyozalisha. Tukigawana sawasawa huku uzalishaji ni uleule, tutagawana umaskini tu.

Sasa hebu simama Tunduma uangalie foleni ya malori. Shaba ya Zambia na Kongo inashuka kwenda bandarini, bidhaa za viwandani zinapanda. Kahawa ya Mbozi nayo husafiri mbali kwenda kunywewa na wengine. Vijana wetu wenye digrii wanajaza fomu za forodha au wanabadilisha fedha. Si kazi za aibu, zinalisha familia. Ila Babu angeuliza: katika mali yote inayopita hapa, nini kimetengenezwa hapa?

Mtu anaweza kusema Babu alishindwa. Kweli, mwaka 1995 NCCR-Mageuzi ilimtaka awe mgombea mwenza wa Augustino Mrema, hakupata kugombea. Alifariki London Agosti 1996, akazikwa kwao Zanzibar. Hakuwahi kuongoza nchi, wala chama chake hakikufikisha mwaka mmoja. Lakini waliomshinda wengi walituachia vyeo vya kukumbuka, yeye katuachia swali la kufanyia kazi.

Maswali ya kujadili vyumbani:
1. Je, Umma ilikosea kujiunga na ASP, au ilikuwa haina njia nyingine?
2. Songwe ianze na kiwanda gani, na nani atanunua bidhaa zake?
3. Mwanachuo akipewa cheo, abaki na hoja zake au abaki na cheo?