Kabla Majibu ya Maabara Hayajatoka: Taarifa Zako Humsaidia Daktari Kuchagua Dawa

Bakteria wanapoingia katika mkondo wa damu, kwa mfano kutoka kwenye njia ya mkojo, mapafu au kidonda, wanaweza kusababisha sepsisi. Hii ni hali ambayo mwili, katika kupambana na maambukizi, hudhuru viungo vyake wenyewe. Mgonjwa wa namna hii huhitaji antibiotiki inayofaa ndani ya saa chache.

Maabara haiwezi kujibu kwa kasi hiyo. Damu huwekwa katika chupa maalumu ili bakteria waote, na kwa kawaida hilo huchukua siku moja au mbili. Kisha bakteria hao hujaribiwa kwa dawa mbalimbali ili kujua ipi inawadhibiti na ipi imeshindwa. Mara nyingi kazi hii huongeza siku nyingine. Katika kipindi hicho daktari hutibu kwa makadirio.

Makadirio hujengwa juu ya nini?

Uwezekano wa bakteria kuwa sugu huongezeka ikiwa mgonjwa:

1. ametumia antibiotiki hivi karibuni, hasa ndani ya miezi 3 iliyopita, kwa kuwa dawa huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu;
2. amewahi kupatikana na bakteria sugu katika kipimo cha mkojo, usaha au damu;
3. amelazwa hospitalini hivi karibuni, hasa katika chumba cha wagonjwa mahututi;
4. amewekewa mpira wa mkojo au mrija wa muda mrefu katika mshipa wa damu;
5. ametibiwa katika eneo ambalo usugu umeenea.

Mfano

Wanawake wawili wanafika hospitalini wakiwa na homa kali, kutetemeka na maumivu ya ubavuni. Wa kwanza hajatumia antibiotiki kwa miaka kadhaa. Wa pili alinunua siprofloksasini dukani mwezi uliopita, akaimeza siku mbili, akaiacha alipopata nafuu. Akificha jambo hilo kwa kuona haya, daktari atawatibu wote wawili kwa namna moja. Iwapo bakteria wake ni sugu kwa dawa atakayopewa, kosa litajulikana majibu yatakapotoka, naye atakuwa amepoteza siku ambazo ni za thamani kubwa kwa uhai wake.

Mipaka ya makadirio

Mtu asiye na dalili yoyote kati ya zilizotajwa anaweza kuwa na bakteria sugu, na mwenye zote akawa hana. Hata hivyo, kumpa kila mgonjwa dawa kali zaidi si suluhisho, kwa sababu matumizi hayo huzaa usugu mpya. Ndiyo maana tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limeziweka antibiotiki katika makundi, na baadhi yake ni za akiba. Majibu yakitoka, daktari anaweza kubadili dawa. Badiliko hilo ni sehemu ya matibabu sahihi.

Wajibu na haki zako

- Taja kila antibiotiki uliyotumia, hata iliyonunuliwa bila cheti cha daktari au uliyopewa na jirani. Tunza pakiti zake.
- Uliza kama damu ya kuotesha imechukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Kwa mgonjwa mahututi, matibabu yasicheleweshwe kwa sababu hiyo.
- Omba nakala ya majibu na uihifadhi. Itakufaa ukiugua tena.

Nenda hospitalini mara moja ukiona homa inayoambatana na kupumua haraka, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua sana au udhaifu mkubwa. Kwa mtoto mchanga, kushindwa kunyonya au mwili kuwa wa baridi ni hatari vilevile.

Jipime: Ukiulizwa leo ni antibiotiki zipi umetumia katika miezi 3 iliyopita, je, utaweza kuzitaja kwa majina?