Somo la Msimu Huu: Kabla Hujalipia Pikipiki Mpya

Ndugu msomaji, msimu wa pamba ukiisha, pikipiki mpya huanza kuonekana kijijini. Zinakuja na nailoni zake kwenye kiti, na mwenye nayo hataki nailoni itolewe mpaka ichakae yenyewe. Si vibaya. Mtu aliyelima, akapalilia na kuvuna ana haki ya kufurahi. Lakini furaha nyingine haimalizi mwezi. Somo letu leo ni la mnunuzi wa chombo kipya cha moto, kiwe pikipiki, bajaji au gari. Tutazungumzia zaidi pikipiki, maana ndiyo wengi wetu tunaifikia.

Nianze na kikundi kimoja cha kuweka na kukopa katika Wilaya ya Sengerema. Sitataja kijiji wala duka. Wanachama ni 12, na wengi wao wamepitia darasa la kisomo. Kila mmoja alitoa shilingi 250,000. Hesabu yake ni 12 mara 250,000, jumla 3,000,000. Walitaka pikipiki ya kikundi. Ifanye biashara mchana, na mwanachama akiugua usiku afikishwe zahanati bila kugonga milango ya watu. Mwekahazina wao, mama wa makamo, alipiga simu kwenye duka moja la mjini. Akaambiwa bei ni 2,750,000 "na kila kitu humo humo", yaani usajili na kofia ngumu. Akaandika kwenye daftari lake.

Walikwenda watatu: mwenyekiti, mwekahazina, na kijana atakayeendesha. Mwuzaji alimpa kiti kijana, kwa sababu alivaa viatu vizuri na miwani ya jua. Mama alipouliza bei alijibiwa, "Mama, wewe pumzika kwanza. Haya mambo ya mitambo tuachie sisi na huyu dogo." Kumbe fedha zote zilikuwa kwenye kanga ya huyo huyo mama!

Basi, ikaja bei. "Mzigo umepanda, mzee wangu. Ile ya kwenye simu ilikuwa ya mzigo wa zamani." Sasa ikawa 2,850,000. Halafu usajili na kofia wakaambiwa ni mbali, 100,000. Jumla 2,950,000. Saa kumi inakaribia, gari la kurudi linaondoka, na nauli ya kuja kesho tena hawana. Wakalipa. Kijana akapewa karatasi ya Kiingereza, akaonyeshwa mahali pa kuweka sahihi, akaweka. Risiti waliyopewa ilisomeka 2,400,000. Mwenyekiti aliiona, lakini aliona haya kuuliza.

Ndugu msomaji, toa mwenyewe. 2,950,000 toa 2,400,000. Inabaki 550,000. Hizo shilingi 550,000 zimelipwa, lakini hakuna karatasi yoyote duniani inayosema hivyo. Wengine husema, "Ah, hiyo ni shida ya mwenye duka na watu wa kodi, mimi inanihusu nini?" Inakuhusu. Siku ukidai kurudishiwa fedha zako, utarudishiwa kilichoandikwa. Risiti ya mashine lazima ionyeshe bei uliyotoa kweli. Ikiwa pungufu, usitoke dukani. Na ukiambiwa, "Nikiandika bei kamili itabidi uongeze kodi," jua kwamba mtu huyo anataka mwizi mwenziwe, na anataka awe wewe.

Baada ya siku 11 oili ilianza kuvuja chini ya injini. Gia ya tatu nayo ikawa inaruka. Walipoirudisha, mwuzaji yule yule wa "mzee wangu" hakumjua tena mzee wake. "Mmeibebesha magunia," akasema. "Na humu ndani mmeshasaini kwamba mmepokea pikipiki nzima." Siku hiyo hiyo, wakirudi, askari wa usalama barabarani aliwasimamisha akalinganisha kadi na pikipiki. Kwenye kadi namba ya chesesi ina 3 mahali ambapo kwenye chuma pana 8. Kusahihisha kadi kulichukua wiki 3, na wiki hizo zote pikipiki ilikaa chini ya turubai nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Wanachama wakaanza kutazamana vibaya. Mmoja alidai fungu lake arudishiwe. Kikundi cha miaka 6 kilikuwa kinakaribia kuvunjika kwa sababu ya 3 na 8.

Hapo ndipo waliponiita niwasomee zile karatasi. Tulikaa chini ya mwembe mchana mzima. Niliyoyaona pale ndiyo naandika hapa.

Kwanza namba. Kila chombo cha moto kina namba ya chesesi na namba ya injini. Kwenye pikipiki nyingi namba ya chesesi imegongwa kwenye chuma cha shingo, pale usukani unapozungukia. Geuza usukani upande mmoja utaiona. Namba ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe, chini. Namba ya chesesi ina tarakimu na herufi 17 zikihesabiwa pamoja. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, ili zisichanganywe na moja na sifuri. Kwa hiyo ukiona duara, hiyo ni sifuri. Usinakili kutoka kwenye karatasi. Inama, futa vumbi, soma kwenye chuma, andika kwenye daftari lako, kisha linganisha na risiti, halafu na kadi ikitoka. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aweke kidole. Kazi yenyewe haifiki dakika 5. Na namba ikionekana imesuguliwa au imegongwa upya juu ya nyingine, acha pikipiki hiyo hapo hapo, hata ukipunguziwa bei nusu.

Pili, upya wenyewe. Pikipiki ya dukani haikosi kilomita chache za kusukumwa na kujaribiwa. Lakini tazama mita. Kama inasoma 300, imetumika. Kama inasoma 0 na tairi vinyweleo vyake vya mpira vimekwisha, chungulia kebo ya mita, huenda ilichomolewa. Tazama nati za injini kama zina alama za spana. Waombe waiwashe, iungurume kwa muda, ndipo uinamie chini utazame oili. Injini ya baridi haikuambii kitu. Wenzetu wale waliitazama ikiwa imezimwa, wakasifu rangi.

Sasa sheria, maana watu wengi hudhani dukani hakuna sheria ila ya mwenye duka. Tanzania tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo yake. Ukiambiwa ni mpya, iwe mpya. Inasema tena kwamba mfanyabiashara anayeuza vitu vya aina hiyo lazima auze kitu kizima. Lakini hapa pana kifungo cha kuangalia sana. Kama mnunuzi amekikagua kitu, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha. Kioo cha pembeni kikiwa kimepasuka nawe umekitazama ukanyamaza, umekikubali. Gia inayoruka baada ya siku 11 ni jambo jingine. Hakuna jicho lingeiona dukani. Kwa hiyo sahihi ya yule kijana haikuwaondolea haki yao juu ya gia, ingawa mwuzaji aliipungia karatasi ile kama upanga.

Iko pia Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani. Sheria hii inamkataza mfanyabiashara kumdanganya au kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, ubora au upya wa kitu. Mnunuzi aliyeonewa anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume hiyo. Na yale maandishi ya ukutani, "Mali ikishauzwa hairudishwi"? Yasome, kisha endelea na shughuli yako. Tangazo la ukutani halifuti sheria ya nchi.

Mambo haya si ya kwetu tu. Marekani, nchi ya magari, wanunuzi walisumbuliwa miaka mingi na bei zinazobadilika kila mlango. Ndipo mwaka 1958 Seneta Mike Monroney akapitisha sheria ya kubandika karatasi ya bei kwenye kioo cha kila gari jipya, ikitaja bei ya gari, bei ya vitu vya nyongeza na gharama ya kulisafirisha. Na mwaka 1982 jimbo la Connecticut likaweka sheria kwamba gari jipya likitengenezwa mara 4 kwa kasoro ile ile, au likikaa gereji siku 30, mwenye gari apewe jingine au arudishiwe fedha zake. Nawatajia haya ili yule mzee aliyeona haya kuuliza ajue kwamba hata wenye magari mengi waliuliza mpaka ikaandikwa sheria.

Turudi chini ya mwembe. Kadi ya garantii ilikuwa ya Kiingereza. Niliwatafsiria. Injini ilikuwa na garantii ya miezi 6 au kilomita 6,000, kutegemea kipi kinatangulia, ila lazima oili ya kwanza imwagwe kwa fundi wa duka pikipiki ikifika kilomita 500. Mita ilisoma 380. Maana yake garantii ilikuwa hai! Yule kijana alikuwa amepanga kumwaga oili kwa fundi wa senta wiki ile ile, ili kuokoa fedha kidogo. Angeokoa hizo na kupoteza injini.

Nilitaka kuwaandikia barua. Mwekahazina akakataa. "Mwalimu, wewe tusomee tu. Kuandika nitaandika mimi." Aliandika kwa mkono wake, nakala mbili. Hii hapa, kwa ruhusa yake, bila majina:

"Kwa Meneja. Tarehe fulani tulinunua kwenu pikipiki mpya, risiti namba fulani, chesesi namba fulani. Tulilipa 2,950,000. Risiti imeandikwa 2,400,000. Baada ya siku 11 oili inavuja na gia ya tatu inaruka. Mita inasoma 380. Kadi yenu inasema garantii ni miezi 6 au kilomita 6,000. Tunaomba mambo matatu: mtengeneze injini bila malipo, mtupe risiti ya bei kamili, na mturudishie 200,000 mlizoongeza juu ya bei ya simu. Tunawapa siku 14. Nakala ya barua hii tunayo, na siku zikipita tutaipeleka Tume ya Ushindani. Mimi mwekahazina."

Alipoipeleka alimwomba msichana wa mapokezi agonge mhuri na tarehe kwenye nakala ya pili. Hilo sikumfundisha mimi, alilifikiria mwenyewe.

Siku ya 9 walipigiwa simu. Gia ilibadilishwa, uvujaji ukazibwa, na risiti ya bei kamili ikatolewa. Zile 200,000 hawakuzipata. Mwuzaji aliuliza, "Nani alikuambia 2,750,000? Ulizungumza na nani?" Kwenye daftari mama alikuwa ameandika bei, lakini hakuandika jina la aliyemjibu wala tarehe. Siku hizi huwa anaomba bei itumwe kwa ujumbe wa simu, hata anaponunua mabati.

Neno moja kuhusu pikipiki za mkataba, maana vijana wengi wananunua hivyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Bei ya taslimu ni 2,800,000. Kwa mkataba unaweka kianzio 300,000, halafu 10,000 kila siku, siku 6 kwa wiki, wiki 52. Kijana anasikia "elfu kumi tu", moyo unatulia. Piga hesabu kabla hujatulia. Na uliza mambo haya yaandikwe: kadi itakuwa kwa jina la nani, ukiugua wiki mbili kinatokea nini, na ukinyang'anywa pikipiki mwezi wa kumi, zile ulizolipa zinakwenda wapi. Mkataba usiokuwa na majibu hayo usiutie sahihi siku hiyo. Uchukue nyumbani, usomwe na mtu mwingine. Mwenye mkataba akikukataza kuuchukua, amekwisha kujibu.

Kazi ya kikundi kwa wiki hii. Fanyeni hesabu ya mfano wa mkataba hapo juu: jumla ni kiasi gani, na imezidi bei ya taslimu kwa shilingi ngapi? Zigeuzeni hizo zilizozidi kuwa kilo za pamba kwa bei ya msimu uliopita. Kisha mtafuteni mwenye pikipiki hapo kijijini, mwombeni ageuze usukani, msome namba ya chesesi kwenye chuma na kuilinganisha na kadi yake. Wasome watu wawili, mmoja baada ya mwingine. Mkiona haziwiani, mwambieni mwenyewe kwa upole, pembeni, kabla askari hajamwambia barabarani.