Dawa ya Kidonda Ina Saa Zake

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mbolea, dipu na mbegu. Mwezi huu somo letu ni juu ya dawa ya mkulima mwenyewe. Msomaji asishangae kuona karani wa ofisi ya kilimo akiandika mambo ya dawa za watu. Mwenye shamba katika skimu hana bwana mkubwa wa kumpa likizo ya ugonjwa. Akilala wiki mbili kwa mguu uliovimba, magugu hayamngojei, na ng'ombe sharti akamuliwe asubuhi na jioni. Tena dawa tutakayoieleza hutolewa mara nyingi kwa watu waliojikata kwa panga au jembe, na wengi huitumia vibaya kwa kuwa hawakuelezwa vizuri.

Jina lake ni sefaleksini. Juu ya boksi utaona limeandikwa Cefalexin au Cephalexin. Yote ni mamoja. Ni ya ukoo mkubwa wa dawa za kuua vijidudu unaoitwa sefalosporini, na dawa nyingi za ukoo huo majina yao huanza kwa herufi Cef au Ceph. Baadhi yake, kama sefuroksimu na sefiksimu, humezwa pia. Nyingine hupigwa kwa sindano. Sisi tutasoma habari za zile za kumeza, na mfano wetu utakuwa sefaleksini.

Ukoo huu ulianzia katika maji machafu. Mwaka 1945 daktari Mwitalia, Giuseppe Brotzu, wa mji wa Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, alichota maji ya bahari karibu na mahali mtaro wa uchafu wa mji ulipomwagikia, akapata humo ukungu uliozuia vijidudu kukua. Ukungu huo ulipelekwa Oxford, Uingereza, na huko wataalamu Edward Abraham na Guy Newton wakaipata, mwaka 1953, dawa ambayo ndugu zake wengine walitengenezwa kwa mfano wake. Penisilini nayo ilitoka katika ukungu, na dawa hizi mbili ni jamaa. Tafadhali kumbuka ujamaa huo, maana tutauhitaji huko mbele.

Namna inavyofanya kazi

Kijidudu cha aina ya bakteria kina ukuta unaokizunguka. Kikitaka kukua na kugawanyika kuwa viwili, hakina budi kujenga ukuta mpya. Sefaleksini huzuia ujenzi huo. Ukuta hubaki dhaifu kama nyumba ya fito isiyokandikwa udongo, maji huingia, na kijidudu hupasuka kikafa. Mwili wa mtu haukujengwa kwa kuta za namna hiyo, na ndiyo sababu dawa huweza kuua kijidudu bila kumwua mgonjwa.

Ukilielewa jambo hilo moja, mengine mengi yatakuwa rahisi. Mafua na homa ya baridi huletwa na virusi, navyo havina ukuta kama huo; basi mtu anayemeza sefaleksini kwa ajili ya mafua anatupa pesa zake. Malaria ni vivyo hivyo, na minyoo pia. Hata miongoni mwa bakteria, si wote wanaokufa kwa dawa hii. Kifua kikuu, homa ya matumbo, na bruselosi, yaani ile homa tunayoambukizwa na mifugo hasa kwa kunywa maziwa mabichi, zina dawa zake nyingine. Kwa hiyo usiseme, “Nina homa, nipe zile za rangi mbili.” Homa si jina la ugonjwa mmoja. Pimwa kwanza.

Sefaleksini husaidia zaidi katika vidonda na majipu ya ngozi, na katika baadhi ya maradhi ya koo, masikio na njia ya mkojo. Tuseme umejikata mguu ukipalilia. Osha kidonda mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, ukifunge kwa kitambaa safi. Wala si kila kidonda kinataka vidonge. Kidonda kidogo kilichooshwa vizuri hupona chenyewe. Lakini ukiona wekundu unaenea, mahali pamepata moto, pamevimba, panatoa usaha, au umeanza kutetemeka kwa homa, nenda zahanati siku ileile. Na kama chombo kilichokukata kilikuwa na udongo au samadi, uliza habari ya sindano ya kuzuia pepopunda hata kama kidonda ni kidogo na hakina usaha. Vidonge vya sefaleksini havichukui nafasi ya sindano hiyo. Vilevile jipu lililoiva sharti lipasuliwe na mwenye ujuzi usaha utoke. Dawa ya kumeza haifiki vizuri ndani ya usaha uliofungiwa.

Saa na hesabu

Hapa ndipo wengi wanapokosea, basi tutakaa hapa kidogo.

Sefaleksini haikai mwilini muda mrefu. Figo huichuja, na baada ya saa nane hivi karibu yote imekwisha kutoka kwa mkojo. Ni kama maji ya mfereji wa zamu: ukifungua kwa saa moja kisha ukafunga hadi kesho kutwa, miche itanyauka ingawa utasema kwamba ulimwagilia. Vijidudu navyo hupata nafasi ya kujenga upya wakati dawa imekauka katika damu. Ndiyo maana daktari hupanga saa.

Tuseme karatasi yako imeandikwa miligramu 500, 1 x 4, siku 7. Maana yake ni kidonge kimoja mara nne kwa siku, kwa siku saba. Hesabu yake ni 4 mara 7, yaani vidonge 28. Hesabu vidonge vyako palepale dirishani kabla ya kuondoka. Ukipewa 14, uliza. Huenda duka halikuwa na vya kutosha, na ni afadhali kuuliza hapo kuliko kugundua siku ya nne usiku. Saa zako zaweza kuwa saa kumi na mbili asubuhi unapokwenda kukamua, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa sita usiku. Wengine huambiwa 1 x 2, yaani kila baada ya saa kumi na mbili. Usiige saa za jirani, maana ugonjwa wake si wako na kipimo chake huenda si chako.

Unaweza kumeza sefaleksini kabla au baada ya chakula. Ikikuchafua tumbo, imeze pamoja na uji. Lakini ndugu yake sefuroksimu yafaa imezwe baada ya kula, maana tumbo tupu haliipokei vizuri. Ukisahau dozi moja, imeze mara ukumbukapo. Kama saa ya dozi nyingine imekaribia sana, iache ile iliyopita. Usimeze mbili kwa pamoja ili kulipa deni.

Siku ya tatu maumivu hupungua, na hapo mkulima hupata wazo la kuviweka vilivyobaki ndani ya mkebe kwa ajili ya siku nyingine. Wazo hilo ni la uwekevu, nami nawajua watu wa skimu kwa uwekevu wao, lakini hapa ni hasara. Vijidudu dhaifu hufa kwanza. Ugonjwa uliobaki waweza kurudi, na utarudi wakati huna dawa ya kutosha kuumaliza. Meza kwa siku ulizoandikiwa, bila kupunguza na bila kuongeza kwa shauri lako mwenyewe. Kama baada ya siku mbili au tatu wekundu bado unaenea, au homa imezidi, rudi zahanati. Usingoje vidonge viishe.

Kuna bakteria waliokwisha kujifunza kuvunja dawa za ukoo huu kabla hazijawagusa. Kila mtu anayemeza dawa bila sababu, au kwa kipimo kidogo, anawapa nafasi hao kubaki peke yao na kuongezeka. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, lilizigawa dawa za kuua vijidudu katika mafungu. Sefaleksini imewekwa katika fungu la zile za kuanzia. Sefuroksimu na sefiksimu zimewekwa katika fungu la kutumiwa kwa uangalifu zaidi. Basi daktari akikuandikia sefaleksini, usimwombe “ile kali zaidi” kwa sababu bei yake ni kubwa. Dawa inayofaa ni ile inayomwua kijidudu chako.

Nani asiimeze kabla ya kusema neno

Nilisema tukumbuke ujamaa na penisilini. Mtu ambaye penisilini, ampisilini au amoksisilini ilipata kumtoa vipele, kumvimbisha uso au kumbana pumzi, amwambie daktari kabla ya kupokea sefaleksini. Wengi wa watu hao huweza kuimeza bila madhara, lakini wengine hawawezi, na kwa umbo lake sefaleksini yafanana hasa na ampisilini. Aliyewahi kubanwa pumzi au kuzimia kwa dawa hizo asijaribu nyumbani hata kidonge kimoja. Kazi ya kupima hatari hiyo ni ya daktari.

Sema pia kama una ugonjwa wa figo, maana figo mbovu huchelewesha dawa mwilini na kipimo hupunguzwa. Sema kama unameza metfomini ya ugonjwa wa sukari, au warfarini ya kuzuia damu kuganda, au kama una mimba au unanyonyesha. Akina mama wengi waja wazito hupewa dawa hii bila taabu, lakini daktari lazima ajue.

Tumbo kuchafuka na choo laini ni mambo ya kawaida, nayo hupita. Lakini midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, au vipele vikienea mwilini kwa ghafula, acha dawa na utafute gari la kwenda hospitali saa ileile, hata kama ni usiku na gari ni la jirani mliyegombana naye. Kuhara maji mengi au damu pia ni jambo la kurudi hospitali. Kwaweza kuanza hata wiki kadhaa baada ya vidonge kwisha. Usinywe dawa za kufunga tumbo kabla hujaonwa.

Sasa unaona kwa nini haifai kumgawia jirani. Anakuja na mguu umevimba, wewe una vidonge kumi, na moyo mwema unakusukuma umpe. Lakini hujui kama penisilini humdhuru, hujui figo zake, na vidonge kumi havimtoshi. Msaada wake ni baiskeli yako imfikishe zahanati.

Na ng'ombe je? Dawa nyingine za ugonjwa wa kiwele, zile za kusukumwa ndani ya chuchu kwa bomba dogo, ni za ukoo huuhuu wa sefalosporini. Haziliwi na mtu wala hazipakwi kidondani, na vidonge vyako usimpe ndama. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasinywewe wala yasiuzwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye boksi. Kuyachemsha hakuiondoi dawa yote. Yaweza kumdhuru mtu asiyepatana na dawa hizi, na yakichanganywa katika tangi la chama cha ushirika, mtindi waweza kukataa kuganda, maana vijidudu vile vyema vya kugandisha maziwa navyo vimeuawa.

Chupa ya mtoto

Watoto hupewa unga ndani ya chupa. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, jaza mpaka alama iliyo kwenye chupa, na utikise kila mara kabla ya kupima. Pima kwa kijiko au bomba lililokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani. Soma nguvu yake pia. Chupa moja ina miligramu 125 katika mililita 5, nyingine ina 250 katika mililita hizohizo 5. Kijiko ni kimoja, lakini mtoto wa chupa ya pili anapata mara mbili.

Dawa ikishachanganywa hukaa mahali baridi, na haidumu. Chupa nyingi husema siku 14, nyingine pungufu. Fuata maandishi ya chupa yako. Asiye na friji amwambie mwenye duka la dawa kabla ya kununua. Na liwe duka lenye leseni, si meza ya sokoni, ambako huwezi kujua dawa imepigwa jua siku ngapi.

Hesabu ya mwisho. Mtoto ameandikiwa miligramu 125 mara nne kwa siku, siku 7. Chupa yako ni ya mililita 100, yenye miligramu 125 katika kila mililita 5. Je, inatosha? Mililita 5 mara 4 ni 20 kwa siku. 20 mara 7 ni 140. Haitoshi, hata kama muuzaji amesema moja inatosha. Nunua mbili, lakini hiyo ya pili usiitie maji mpaka ya kwanza imekwisha, maana unga mkavu hukaa mpaka tarehe iliyopigwa chini ya chupa.